Pesa Imeingia, Simu Imenyamaza: Mfahamu Soja Anayelinda Nafasi ya Simu Yako

"Mtandao uko chini." Hilo ndilo jibu la haraka sokoni meseji ya malipo ikichelewa, na kuna siku huwa kweli. Lakini tukipita Majengo kuzungumza na wafanyabiashara, kuanzia Digo Road hadi kwenye vibanda vinavyoelekea Gikomba, na tukiomba kuiona simu yenyewe, mara nyingi tunakuta kitu kingine kabisa. Juu ya kioo kuna kialama kidogo cha tahadhari, na ukivuta chini unasoma kwamba nafasi ya kuhifadhi inakaribia kujaa. Kimekaa hapo siku nyingi. Mwenye simu ameshakizoea kama anavyozoea honi za matatu, na kila kikirudi anakipangusa pembeni aendelee na kazi.

Leo tunataka tukitazame kialama hicho vizuri, kwa sababu kina uhusiano wa moja kwa moja na pesa zako.

Kwanza tuelewane kuhusu simu zenyewe. Majengo ni mtaa mkongwe. Watu wameishi na kufanya biashara Pumwani tangu miaka ya 1920, na leo biashara nyingi za hapa zinaendeshwa kwa simu moja tu. Simu hiyo ndiyo daftari la madeni, ndiyo kamera ya kupigia picha mzigo mpya, ndiyo inayobeba grupu ya chama, grupu ya wazazi wa shule, grupu ya madrasa na ile ya watu wa ushago. Muuzaji wa mitumba akifungua belo asubuhi anapiga picha thelathini au arobaini, anawatumia wateja wa jumla, halafu kesho anafanya hivyo tena. Watoto nao wakitoka shule wanaichukua kuangalia katuni. Na mara nyingi ni simu ya 16GB, au hata 8GB, iliyonunuliwa mkono wa pili au kwa kulipa kidogo kidogo, ambayo mfumo wake wenyewe umeshachukua sehemu kubwa ya nafasi hata kabla hujaweka chochote.

Tukisema ukweli, ule ushauri wa "nunua simu kubwa" ni rahisi kutolewa na mtu ambaye simu si mtaji wake. Sisi tutazungumza kuhusu hiyo uliyo nayo mkononi.

Soja anayehesabu usiku na mchana

Ndani ya kila simu ya Android kuna programu ndogo ambazo huzioni, hazina picha ya kubonyeza, na hukuzipakua wewe. Zinaanza kazi simu ikiwaka na haziachi mpaka izimwe. Mojawapo kazi yake ni moja tu: kuangalia nafasi iliyobaki, na hali ikibadilika, kuwaarifu wengine. Ni kama soja wa gorofa. Hauzi, hanunui, hapiki, lakini anajua nani ameingia na nani ametoka.

Wahandisi wana jina lao la programu za aina hii. Wanaziita dimoni, na jina hilo lilianza kutumika mwaka 1963 katika chuo cha MIT kule Marekani. Walimwazima kiumbe wa kufikirika wa mwanafizikia James Clerk Maxwell, ambaye anakaa mlangoni akichagua chembe ipi ipite na ipi ibaki. Mtaani kwetu tafsiri ya karibu ingekuwa jini. Lakini ukimwambia mteja simu yake ina jini anayehesabu vitu usiku, hutamwona tena, kwa hivyo tumebaki na soja.

Soja huyu anafanyaje kazi? Katika matoleo ya zamani ya Android, ambayo bado yamejaa mtaani, anapita kukagua karibu kila dakika moja. Ana mistari miwili ya kuangalia. Mstari wa kwanza ni asilimia 5 ya nafasi yote au 500MB, yoyote iliyo ndogo. Hapo ndipo kialama kinapotokea. Kwa simu ya 8GB hiyo ni chini kidogo ya 400MB, na kwa simu ya 32GB ni 500MB. Akiona umefika hapo, hakuletei tu habari. Anaanza pia kuomba mfumo uondoe takataka za muda ambazo programu zimeziacha, zile zinazoitwa akiba, ili upumue kidogo. Ndiyo maana kuna siku kialama kinapotea chenyewe bila wewe kufanya lolote. Wengi hudhani tatizo limeisha. Bado. Soja amefagia tu mlangoni, na kesho vumbi litarudi.

Watengenezaji wengine wa simu hubadilisha hesabu hizi kidogo, lakini mpangilio ni huo.

Mstari wa pili ndio wa hatari, na uko chini sana. Ni takriban 1MB. Picha moja tu ya kamera ya simu huwa kubwa kuliko hiyo. Simu ikifika hapo soja haombi tena. Anatangaza kwa mfumo wote kwamba nyumba imejaa, na kila programu inayosikia tangazo hilo inachukua hatua yake.

Sehemu inayoshughulikia meseji ni mojawapo ya wanaosikia. Hatua yake ni kufunga mlango.

Meseji inabaki wapi?

Hapa tunaomba usome polepole, kwa sababu ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa.

Mteja akikulipa, malipo hayafanyiki ndani ya simu yako. Yanafanyika kwenye mitambo ya kampuni ya malipo. Salio lako linaongezeka pale pale, simu yako ikiwa imewaka au imezimwa, imejaa au iko wazi. Baada ya hapo ndipo meseji inatumwa kukujulisha. Ndivyo ilivyokuwa tangu Safaricom ilipoanzisha M-Pesa mwaka 2007, na huduma nyingi zilizofuata zimeshika njia hiyo hiyo: pesa kwanza, kisha habari.

Sasa habari inapofika kwa simu iliyojaa, simu inaujibu mtandao, "Sina nafasi." Meseji moja ya kawaida ni herufi 160, kitu kidogo kabisa ukilinganisha na video ya dakika mbili ya harusi, lakini mlango umefungwa kwa wote. Mtandao haiitupi meseji hiyo. Unaiweka kwenye kituo chake na kungoja. Wewe ukifuta vitu na nafasi ikapatikana, soja anaona katika mzunguko wake unaofuata, anatangaza kwamba hali imerudi, na simu inautumia mtandao taarifa fupi kwamba sasa inaweza kupokea. Hapo meseji zilizokuwa zikingoja zinaanza kushuka, mara nyingine kumi kwa mkupuo, na unaona malipo ya saa tatu asubuhi yakiingia saa nane mchana kana kwamba ni mapya.

Kituo hakihifadhi meseji milele. Kila mtandao una muda wake, na ukipita, meseji inafutwa. Lakini hata ikifutwa, muamala wenyewe bado uko kwenye taarifa ya akaunti yako. Ni karatasi tu iliyopotea, pesa iko.

Wanunuzi nao wajue kwamba hili huwakuta pia. Simu iliyojaa bado inaweza kutuma pesa, kwa sababu menyu ya kutuma iko kwenye laini yenyewe. Unaweka PIN, pesa inatoka, meseji ya kuthibitisha hairudi. Mtu anangoja dakika tano, anaona kimya, anatuma tena. Amelipa mara mbili kwa viatu vya pea moja.

Pale kaunta, watu wawili na simu mbili

Chukua hali hii ambayo tumeisikia kwa namna nyingi. Mama anauza nguo za watoto. Mteja amechagua za mia nane, ametuma, amesimama.

"Mama, nimetuma. Si uangalie?"

"Hapa hakuna kitu, mwanangu."

"Ona kwa yangu. Mia nane, jina lako hili hapa."

Kuna foleni nyuma. Jua ni kali. Mama anaangalia simu ya kijana, anaona jina lake limeandikwa sawa, anafunga nguo kwenye karatasi.

Labda kijana ni mkweli. Lakini meseji ya kughushi inaandikwa kwa dakika moja, na jina lako si siri, linatokea kila mtu anapokutumia pesa. Muuzaji ambaye simu yake imejaa huanza kuzoea kuamini simu za watu wengine, kwa sababu yake haimwambii kitu. Matapeli hawahitaji kujua habari za soja wala mistari miwili. Wanahitaji tu kujua kwamba pale kwa mama fulani, meseji huchelewa na yeye huwa hasumbui.

Hasara ya upande wa pili haizungumzwi sana, na kwetu ni kubwa vilevile. Mama mwingine aliyewahi kuchezwa anakataa kata kata. Kijana mkweli, aliyelipa kihalali, anasimamishwa mbele ya watu kama mwizi. Anaondoka kwa hasira, mia nane yake imebaki kwa akaunti ya mama ambaye hata hajui anayo. Majengo ni mtaa ambapo watu wanajuana, wanazikana na kuoana. Maneno kama hayo hayaishi siku hiyo.

Kwa hivyo pale pale kaunta, fanya nini? Usiangalie simu ya mteja hata kidogo, si kwa dharau, ni kwa sababu haithibitishi chochote. Angalia salio au orodha ya miamala kwa akaunti yako. Hapa kuna mtego mdogo: ukiuliza salio kwa njia inayojibu kwa meseji, jibu nalo litakwama mlangoni kama zile nyingine. Tumia njia inayoonyesha salio kwenye kioo moja kwa moja. Na kama programu inagoma kufunguka, jambo ambalo hutokea simu ikijaa kabisa, futa video moja kubwa kwanza. Moja tu inatosha. Ngoja dakika moja au mbili soja apite, kisha jaribu tena. Mwambie mteja unachofanya. "Simu yangu imejaa, nipe dakika mbili" ni sentensi inayookoa heshima ya watu wawili.

Kama una msaidizi dukani, mpe ruhusa ya kuona miamala ya namba ya tili kwa simu yake mwenyewe, bila uwezo wa kutoa pesa. Wengi wana uwezekano huo na hawajawahi kuutumia.

Unafuta nini, unaacha nini

Watu wakiambiwa wapunguze mzigo, mkono hukimbilia meseji. Ni kosa la hesabu. Ungefuta meseji elfu moja usingepata nafasi ya video moja, na umetupa ushahidi wa biashara yako. Ukitaka kurudisha pesa uliyotuma kimakosa kwa M-Pesa, meseji ile ile ya muamala ndiyo unayoituma kwa 456. Ukiwa umeifuta, umejiongezea safari.

Tatizo halisi, kwa simu nyingi tunazoziona, ni WhatsApp. Kila grupu inakushushia picha, video na sauti hata usipozifungua. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, na uzime upakuaji wa moja kwa moja. Hapo hapo kuna mahali pa kudhibiti hifadhi ambapo mazungumzo yamepangwa kwa ukubwa. Grupu ya kwanza kwenye orodha huwa inashangaza. Si ya chama, si ya wazazi. Mara nyingi ni ile ya kutumiana dua na "asubuhi njema" zenye maua, ambayo mtu hawezi kujiondoa kwa sababu shangazi yumo. Huna haja ya kujiondoa. Futa tu video zake.

Kitu kingine ambacho wachache wanakijua: WhatsApp hutengeneza nakala ya mazungumzo yako ndani ya simu kila usiku saa nane, na huweka nakala za hadi siku saba. Kama mazungumzo yako ni mazito, hizo ni nakala kadhaa za kitu kile kile. Unaweza kufuta zile za zamani kwa kutumia programu ya mafaili, ukaacha ya karibuni.

Ukifuta picha, kumbuka pipa la taka. Simu nyingi za sasa haziondoi picha mara moja, zinaihamisha kwenye pipa na kuiweka kwa wiki kadhaa, na ikiwa pipani bado inakula nafasi ile ile. Tumekutana na watu waliofuta picha mia tatu wakashangaa kialama hakiondoki. Kamwage pipa.

Halafu kuna maneno mawili yanayokaa karibu kwenye mipangilio ya kila programu: kufuta akiba na kufuta data. Kufuta akiba hakuna madhara, ni takataka za muda, zitajitengeneza tena. Kufuta data ni kuirudisha programu ilivyokuwa siku ya kwanza. Ukifanya hivyo kwa programu ya malipo, itakutaka ujisajili upya. Pesa yako haiendi popote, lakini kujisajili upya Jumamosi asubuhi watu wakiwa wamejipanga, na namba ya siri umeisahau, si mchezo.

Tafadhali, kama unampa fundi simu akusafishie, kaa naye. Usimwachie na PIN ya malipo "akimaliza ajaribu kama inafanya". Hakuna usafi wa simu unaohitaji PIN yako ya pesa.

Memori kadi na soja wa pili

Watu wengi hununua memori kadi kama suluhisho, na ni wazo zuri likifanywa vizuri. Android ina soja mwingine wa kadi na diski, anayeitwa vold. Ukiingiza kadi, yeye ndiye wa kwanza kupata habari. Anaikagua kama imeharibika, anaifungua, kisha anatangaza kwa programu zote kwamba kuna ghala jipya. Ukiomba kuitoa kupitia mipangilio, anaziambia programu zimalize zinachoandika, anafunga ghala, ndipo anakwambia sasa toa. Ukiing'oa tu, anachoweza kutangaza ni kwamba kadi imetolewa vibaya, na faili iliyokuwa katikati ya kuandikwa imeshaharibika. Picha za mzigo zinazofunguka nusu, nusu nyingine ya kijivu, mara nyingi zimetoka hapo.

Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu nyingine hukuuliza kama unataka kadi iwe sehemu ya hifadhi ya ndani. Ukikubali, kadi inafungwa kwa simu hiyo pekee. Huwezi kuitoa ukasoma picha kwa kompyuta ya jirani, na ukiitoa, programu zilizohamia huko hazitafanya kazi. Ushauri wetu: programu za malipo zikae kwenye simu yenyewe, kadi ibebe picha na video. Na kadi ya 64GB inayouzwa bei ya chai na mandazi, iogope. Kuna kadi bandia ambazo zinajitangaza kubwa na ndani ni ndogo, zinapokea picha zako zote kwa adabu na kuzipoteza.

Wenye kabambe msicheke

Simu ndogo ya vibonyezo haina WhatsApp nzito wala katuni, lakini hadithi ni ile ile kwa kiwango kidogo. Nyingi zina nafasi ya kubeba meseji kadhaa tu, na laini yenyewe hubeba chache zaidi. Kwenye Nokia za zamani, sanduku likijaa, kile kibahasha cha juu kinaanza kupepesa. Wazee wetu wengi huona kinapepesa na kudhani kuna meseji mpya, wanafungua, hawaoni mpya, wanaacha. Kumbe kinasema hakuna nafasi, na pesa aliyotumiwa na mtoto wake tangu jana imefika, ila habari yake imesimama nje.

Ukimwona mzee wako na bahasha inayopepesa, mwombe simu kwa heshima. Acha meseji za pesa, futa za promosheni na za kubashiri mechi, ambazo huwa ndizo nyingi. Zikitoka tatu au nne bahasha itatulia, na zile zilizokuwa zikingoja zitaanza kuingia moja moja.